Tangi likae wapi? Majibu kwa wasomaji wenye ndege za rimoti

Barua za toleo hili zimetoka kwa watu wenye ndege tofauti na injini tofauti, lakini nyingi zinaanza na sindano ya kabureta, ile skrubu inayopima mafuta yanayoingia: imekazwa, imelegezwa, imebadilishwa, na injini bado inazima angani. Sisi tumeanzia nyuma yake, kwenye tangi. Sindano hupima mafuta yaliyoifikia tu. Kama presha ya mafuta hayo inapanda na kushuka kila ndege inapoinua pua, hakuna mzunguko wa skrubu utakaoiponya.

SWALI: Nina ndege ya mafunzo yenye bawa la juu na injini ya glo (isiyo na cheche, inayowaka kwa plagi yenye waya wa moto) ya cc 7.5, silinda imesimama wima. Tangi likijaa injini inatoa moshi mwingi na kuvuta kwa uzito. Nikikaza sindano inakaa sawa, lakini dakika chache baadaye inaanza kulia kwa ukali, na nikiinua pua inazima. Tangi linatakiwa kukaa wapi hasa?

JIBU: Chora mstari wa kufikirika unaopita kwenye tundu ambalo sindano inamwagia mafuta ndani ya koo la kabureta, ndege ikiwa sawa kama inavyoruka. Mstari wa katikati ya tangi, yaani nusu ya kimo chake, unatakiwa ulingane na mstari huo au uwe chini yake kwa milimita zisizozidi 10. Kwa dalili ulizoeleza, tangi lako liko juu mno, na huenda pia liko mbali mno na injini.

Sababu yake ni safu ya mafuta. Mafuta ya glo ni methanoli, mafuta ya kulainishia, na mara nyingi nitromethani kidogo. Lita moja ya mchanganyiko wa kawaida ina uzito wa gramu 870 hivi. Kila sentimita moja ya kimo inaongeza au kupunguza presha ya paskali 85 kwenye kabureta. Ni kiasi kidogo, lakini mvuto wa kabureta ya glo nao ni mdogo, kwa hiyo inakihisi. Tangi lenye kimo cha sentimita 5 linapoteza zaidi ya paskali 400 kutoka kujaa hadi kuisha. Ukiliweka katikati ya mstari, mwanzo wa safari mchanganyiko unakuwa mzito kidogo (mafuta mengi kuliko hewa) na mwisho unakuwa mwepesi kidogo, na injini inavumilia pande zote mbili. Ukilipandisha lote juu ya mstari, mafuta yanajisukuma yenyewe mwanzoni, wewe unakaza sindano ili kuyazuia, kisha kimo kinaposhuka sindano ile ile inakuwa imebana kupita kiasi. Kile kilio cha ukali unachosikia ni injini yenye mchanganyiko mwepesi, na inachemka.

Umbali ndio unaoua injini pua inapoinuka. Ndege ikisimama wima, urefu wa ndege unageuka kuwa kimo. Chukua tangi la urefu wa sentimita 12 ambalo mbele yake iko sentimita 5 nyuma ya sindano: likikaribia kuisha, injini inalazimika kuyanyanyua mafuta sentimita 17. Sogeza tangi hilo hilo nyuma hadi sentimita 20, nayo inanyanyua 32. Bomba la presha linalotoka kwenye ekzosi na kuingia kwenye tangi linasaidia, ila nalo lina mwisho wake, hasa kwa injini za mipigo minne ambazo ekzosi zake zina presha dhaifu. Basi tangi la injini ya glo isiyo na pampu likae mara tu nyuma ya ukuta wa injini, yaani ubao ambao injini imefungwa, kwa ukaribu wote unaoruhusiwa na sponji inayolizunguka.

Kupima ni kazi ya dakika kumi. Iweke ndege juu ya meza, inyanyue mkia mpaka kiimarishi cha nyuma (lile bawa dogo la mkiani) kilale sawasawa na meza. Pima kutoka mezani hadi kwenye tundu la sindano, uandike. Toa tangi, tafuta nusu ya kimo chake na uweke alama kwa kalamu pande zote mbili. Lirudishe, kisha pima kutoka mezani hadi kwenye alama. Kama chumba cha tangi hakifikiki kwa rula, pima kizibo chake pale kinapotokeza kwenye ukuta wa injini; kwa matangi mengi ya plastiki shingo haiko katikati kamili, kwa hiyo pima tofauti hiyo kabla ya kulirudisha. Tofauti unayoipata iondoe kwa kubadilisha unene wa sponji chini na juu. Kama sakafu ya chumba, servo (mota ndogo ya usukani) au fimbo ya gurudumu la mbele inalizuia tangi kushuka, tafuta tangi bapa lenye ujazo ule ule. Usibane tangi la duara kwa nguvu ili liingie.

Ukimaliza, sahau mpangilio wa zamani wa sindano na uanze upya. Injini ikishapata joto, fungua throto yote, kaza sindano mpaka mizunguko ifike kileleni, kisha legeza hadi ipungue kama mizunguko 200 au 300 kwa dakika. Mwenzako aishike ndege kwa nguvu, ainyanyue pua wima kwa sekunde 10, nyote mkiwa nyuma ya propela na si ubavuni mwake. Mlio ukipanda kidogo na kutulia, umepata. Ukipanda kisha ukalegea, legeza sindano kidogo na urudie. Ukiona hata sindano ikiwa imelegezwa sana injini bado inalegea pua ikiwa juu, rudi kwenye umbali wa tangi au kagua bomba la presha.

Kwa wanaoruka michezo ya angani, sisi tunapendelea katikati ya tangi iwe kwenye mstari kabisa, bila hizo milimita za chini. Ndege ikilala chali, tangi lililokuwa chini kwa sentimita 1 linakuwa juu kwa sentimita 1, na mlio wa injini unabadilika katikati ya zoezi.

SWALI: Naona mapovu yakipita kwenye mpira wa mafuta kuelekea kwenye kabureta. Tangi liko kwenye kimo sahihi, nimepima mara mbili. Hewa inatoka wapi?

JIBU: Tofautisha kwanza aina ya mapovu. Mapovu madogo sana, mengi, yanayofanya mafuta yaonekane meupe, ni povu la mtetemo: tangi linatikiswa mpaka mafuta yanachapwa kama yai. Mapovu makubwa yanayokuja moja moja ni hewa inayoingia mahali penye tundu.

Povu la mtetemo huletwa na tangi linalogusa mbao. Lizungushie sponji laini ya unene wa milimita 6 hadi 12 pande zote, na mbele pia, ambako watu wengi husahau. Sponji ibaki na ulaini wake. Ukiishindilia inakuwa ngumu na kupitisha mtetemo kana kwamba haipo. Shingo ya tangi inayopita kwenye tundu la ukuta wa injini isiguse kingo za tundu. Kisha angalia chanzo chenyewe: propela isiyo na mizani, au skrubu za injini zilizolegea. Propela iliyopigwa na jiwe kwenye ncha moja inatosha kutoa povu hata kwenye tangi lililofungwa vizuri, na propela iliyoanza kupasuka haitengenezwi, inatupwa.

Kwa mapovu makubwa, toa tangi na ulipime nje ya ndege. Ziba mpira unaokwenda kwenye kabureta, lizamishe tangi lote ndani ya ndoo ya maji, na usukume hewa kwa bomba la sindano tupu kupitia mpira wa presha. Usipulize wala kunyonya kwa mdomo: methanoli ni sumu. Angalia kizibo cha mpira, maungio ya vibomba vya shaba, na mshono wa plastiki. Skrubu ya kizibo ikikazwa kupita kiasi hupasua shingo ya tangi, na ufa huo huonekana tu presha ikiwa ndani.

Tangi likipita jaribio hilo na mapovu bado yapo, tundu liko ndani, kwenye mpira unaobeba klanki, kile kizito kidogo cha chuma kinachoning'inia mwisho wa mpira na kufuata mafuta yanakokwenda. Hapo jaribio la ndoo halioni kitu. Dalili yake ni kwamba injini inakwenda vizuri tangi likiwa limejaa, kisha inaanza kukohoa kimo cha mafuta kikishuka chini ya tundu. Mara nyingi mpira umekatwa na kingo kali ya kibomba cha shaba pale unapovalishwa. Kila ukikata kibomba, kisugue kwa msasa mwembamba nje na ndani mpaka kisikwaruze kidole, na mpira wa ndani ubadilishe kila mwanzo wa msimu bila kusubiri dalili.

Chujio lililo kati ya tangi na kabureta nalo ni la kushukiwa. Yale yanayofunguliwa kwa skrubu huvuja hewa kwenye uzi wake wakati mafuta hayavuji. Chuja mafuta unapoyajaza kutoka kwenye chupa, na ndani ya ndege uache mpira mmoja mfupi usio na kiungo.

SWALI: Ndege ilitua kwa pua, haikuvunjika kitu. Tangu siku hiyo injini inakwenda vizuri ardhini na ikiruka sawa, lakini kila ikipanda inazima. Ikishuka haina shida.

JIBU: Klanki imetupwa mbele na mpira wake umejikunja ndani ya tangi. Ndege ikipanda mafuta yanakimbilia nyuma, klanki inabaki mbele ikinyonya hewa. Ikishuka mafuta yanaifuata iliko, ndiyo maana haina shida.

Toa kizibo, unyooshe mpira, kisha ukate urefu utakaoacha milimita 3 hadi 5 kati ya klanki na ukuta wa nyuma wa tangi. Ikigusa ukuta inang'ang'ania na haigeuki. Tikisa tangi karibu na sikio, ukiligeuza kila upande: usikie klanki ikigonga kuta zote kwa uhuru. Ili isirudie, kata sehemu ya katikati ya mpira na uweke kibomba cha shaba badala yake, ukiacha mpira laini kwenye ncha zote mbili. Inageuka pembeni kama kawaida lakini haiwezi kujikunja hadi mbele.

SWALI: Ndege yangu ni ya kuigiza ndege halisi, na injini imefungwa silinda ikitazama chini ili ifichwe na kava. Nikijaza mafuta yanachuruzika kwenye kabureta. Juzi stata ya umeme ilikwama kabisa. Je, nibadilishe stata?

JIBU: Usiiguse stata hiyo tena mpaka umalize kusoma. Iliyokwama si stata, ni pistoni: silinda imejaa mafuta, na kimiminika hakibanwi. Ukilazimisha, nguvu yote inaingia kwenye konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na shafti, nayo inapinda au kuvunjika. Fungua plagi, igeuze ndege ili tundu la plagi litazame chini, funika kwa kitambaa, na uzungushe propela kwa mkono mpaka kisitoke kitu. Weka uso wako mbali na tundu hilo, na waya wa kupashia plagi uwe mbali na hapo. Mwali wa methanoli karibu hauonekani mchana.

Chanzo ni kwamba injini ikipinduliwa, sindano inashuka chini ya shafti, lakini tangi limebaki pale pale ukuta wa injini ulipotobolewa kwa ajili ya injini iliyosimama. Tangi zima sasa liko juu ya kabureta na mafuta yanashuka yenyewe. Dawa ya kweli ni kulishusha mpaka katikati yake ifike kwenye mstari mpya wa sindano, hata kama ni kutoboa tundu jipya kwenye ukuta na kukata sakafu ya chumba. Tundu la zamani lizibe kwa mbao na epoksi.

Kama umbo la ndege halikuruhusu, fikiria kuilaza injini ubavu. Ikilala hivyo sindano inakuwa karibu na kimo cha shafti, na tangi la katikati ya ukuta linaifaa bila kuhangaika. Utatoboa kava upande mmoja kwa ajili ya kichwa cha silinda. Kwa maoni yetu hilo ni bora kuliko ndege nzuri inayozimika ikipaa.

Ukibaki na tangi lililo juu kidogo, fuata utaratibu huu kila mara. Usijaze mpaka uwe tayari kuwasha. Bana mpira wa kabureta kwa kibanio kabla ya kujaza, ujaze kwa mpira wa tatu uliowekwa kwa kazi hiyo, na ubanue pale tu unapotaka kuwasha. Zungusha propela kwa mkono mizunguko miwili kamili, plagi ikiwa baridi, kabla ya kuleta stata. Ukihisi ugumu usio wa kawaida, fungua plagi. Ukitua, toa mafuta yote yaliyobaki.

SWALI: Kwa nini tusiweke tangi kwenye kitovu cha uzito, ili mizani isibadilike mafuta yakiisha?

JIBU: Wazo ni sahihi, na kwa injini ya petroli ndivyo inavyofanywa. Kabureta zake za kiwambo (utando laini unaochezeshwa na presha), za aina ya Walbro zilizotokana na misumeno ya mnyororo, zina pampu ndani inayoendeshwa na mipigo ya presha ya injini, kwa hiyo hazijali sana tangi liko wapi. Injini ya glo yenye pampu nayo inaruhusu. Isiyo na pampu haiwezi. Utapata mizani nzuri na injini inayozima pua ikiinuka.

Ukubwa wa mabadiliko unaweza kuupigia hesabu mwenyewe. Ndege ya kilo 2.7 bila mafuta, tangi la mililita 300 ambalo katikati yake iko sentimita 20 mbele ya kitovu: mafuta yana gramu 260, zidisha kwa 20, gawa kwa uzito wote wa gramu 2,960. Unapata karibu sentimita 1.8 ambazo kitovu kinarudi nyuma kutoka kujaa hadi kuisha. Si kidogo. Ndiyo sababu mizani hupimwa tangi likiwa tupu: mkia ukiwa mzito, ndege inakuwa ngumu kuongoza wakati ule ule unapojiandaa kutua.

SWALI: Tangi la ujazo gani linaifaa injini yangu?

JIBU: Kwa glo ya mipigo miwili: cc 4, mililita 180; cc 6.5 hadi 7.5, mililita 240 hadi 300; cc 10, mililita 350 hadi 410. Ya mipigo minne yenye ujazo ule ule inatumia mafuta machache kuliko hiyo, kwa hiyo punguza. Usichukue kubwa kwa sababu tu linaingia: tangi kubwa lina kimo na urefu zaidi, na umeona hapo juu yanafanya nini. Jaza, washa kwa throto yote ardhini, pima muda hadi liishe, kisha tega saa ya rimoti ikulie robo ikiwa bado imebaki.

SWALI: Nimehama kutoka glo kwenda petroli na kutumia tangi langu la zamani. Mipira imevimba na kizibo kimelegea. Pia petroli inadondoka chini ya ndege hata ikiwa imeegeshwa.

JIBU: Silikoni haistahimili petroli. Inavimba, inalainika, kisha inachomoka kwenye kibomba, na ikichomoka ndani ya tangi utahisi kama klanki imekatika. Badilisha mipira yote, ya ndani na ya nje, kwa Tygon ya mafuta au Viton, mipira inayostahimili petroli, na kizibo kiwe cha aina iliyotengenezwa kwa petroli. Maduka huviuza kwa alama tofauti, kwa hiyo soma pakiti. Tygon ya njano inakakamaa kadiri inavyokaa, hasa ile ya ndani inayobeba klanki. Ikikakamaa klanki haifuati mafuta tena. Ibadilishe kila mwaka. Kila ungio ulifunge kwa waya mwembamba au kibanio, na klanki yenyewe iwe ile yenye chujio la felti. Kama chumba cha tangi kimejengwa kwa povu jeupe la polisitirini, lifunike kabisa kwa epoksi, maana petroli inaliyeyusha.

Kuhusu kudondoka: kabureta ya kiwambo haihitaji presha ya ekzosi, kwa hiyo mpira wa pumzi unatoka moja kwa moja nje. Ukiushusha tu kutoka kwenye kizibo hadi chini ya ndege, mafuta yakishaingia humo yanajivuta yenyewe mpaka yashuke chini ya mdomo wa kibomba. Upandishe kwanza ukiuzungusha juu ya tangi, uuelekeze nyuma, ndipo uushushe utokee tumboni mwa ndege. Ndani ya tangi kibomba cha pumzi kipinde kitazame juu, karibu kugusa dari bila kuligusa. Kabla ya kufunga, hakiki kwamba tangi halijawekwa juu chini. Likigeuzwa, mafuta huanza kutoka kwenye mpira wa pumzi likiwa halijafika hata robo, na hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuligundua kosa hilo.